Kamusi ya Lugha ya Orrug

Halifax, Yorkshire
Jumatatu, 3 Oktoba 1983

Bi. Morrison mpendwa,

Asante sana kwa kulijibu tangazo langu katika gazeti la Stornoway, huko kisiwani kwenu. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Walioandika ni wewe na bwana mmoja tu, na huyo bwana alitaka kuniuzia kondoo.

Naitwa Avril Ormondroyd. Mchana nauza nyuzi za kufumia sokoni hapa Halifax, na jioni mimi ni katibu wa chama cha mashabiki wa "Madobi wa Zohali". Ulikuwa mchezo wa televisheni, ukionyeshwa huku kaskazini mwa Uingereza peke yake kuanzia 1969 hadi 1971, kila Ijumaa baada ya taarifa ya habari. Kisa chenyewe ni cha chombo kinachozunguka angani karibu na sayari ya Zohali kikikusanya nguo chafu za wanaanga, kuzifua, kuzipiga pasi na kuzirudisha kwa wenyewe. Basi, hakuna zaidi. Huko nje kuna vita kubwa, nao wanafua nguo za pande zote mbili, na matatizo yao ni kwamba majemadari ni wagumu kulipa na soksi zinapotea. Roboti lao ni pipa la taka lililogeuzwa juu chini. Pete za Zohali zilikuwa pamba iliyobandikwa kwenye waya, na siku moja nzi alitua juu ya pamba hiyo akajisafisha miguu, na hakuna aliyesimamisha kamera. Mimi na baba tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kumezidi nini. Sijapenda kitu kingine cha televisheni namna ile, na kusema hivyo sioni haya.

Sasa nije kwenye shida yangu. Mmoja wa madobi hao ni Fundi Orrug, kiumbe wa kijani anayetunza boila la maji ya kufulia. Kiingereza hakijui. Anazungumza lugha ya kwao, tena anazungumza na boila, na wenzake wanamjibu kana kwamba wamemwelewa. Mwigizaji wake aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba lugha hiyo aliitunga mwenyewe. Sisi mashabiki tumeifanyia kazi tangu wakati huo, na mhariri wa kamusi yake ni mimi. Sauti zote ninazo, maana kila Ijumaa nilishika kinasa sauti mbele ya televisheni.

Mwezi uliopita nilikuwa nikizungusha redio kutafuta matokeo ya mpira, nikaangukia idhaa ya huko kwenu. Mzee mmoja alikuwa akizungumza Kigaeli, lugha ya visiwa vyenu, na katikati ya maneno yake akasema neno la Orrug. Kisha jingine. Niliduwaa mpaka sufuria ikaungua.

Nakuandikia maneno matatu kama yanavyosikika, uniambie kama kwenu yana maana yoyote. La kwanza ni skatan, ambalo kamusi yetu inasema ni adui, hasa jemadari. La pili ni monya, yaani roho au uhai. La tatu ni buurn, yaani moto, joto kali. Hilo la tatu hatukutoka jasho kulipata, kwa sababu linafanana na neno letu la Kiingereza la kuungua, naye hulisema akiwa amesimama mbele ya boila linalotokota.

Nijibu upesi, nakuomba, hasa kuhusu hilo la tatu.

Wako,
Avril Ormondroyd


Nis, Kisiwa cha Lewis
Jumatatu, 10 Oktoba 1983

Bi. Ormondroyd,

Barua yako nimeipata. Televisheni sina. Kanisa letu haliipendi, na mimi sijaona pengo lake.

Nimestaafu kazi ya kupika katika shule ya hapa. Niliona tangazo lako kwa sababu lilikuwa chini ya matangazo ya vifo, ambayo nayasoma.

Skatan ni samaki, heringi. Tunamtia chumvi na kumla kwa viazi. Kama jemadari wenu anaitwa hivyo, mwenye kumwogopa ana kazi. Monya ni udongo mweusi tunaoukata wakati wa kiangazi, tukaukausha na kuuchoma jikoni badala ya makaa. Hauna uhusiano wowote na roho.

Buurn ni maji. Maji ya kunywa. Wagaeli wa sehemu nyingine hutumia neno jingine. Anayesema buurn alizaliwa kisiwa hiki, au amelelewa na mtu wa kisiwa hiki.

Aliyesema ameitunga lugha hii mwenyewe amewadanganya, na ninyi mmekubali kudanganywa.

Oighrig Morrison


Halifax
Jumamosi, 15 Oktoba 1983

Bi. Oghrig mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Jemadari Skatan ana ukurasa mzima katika kamusi. Clifford Barraclough, mweka hazina wetu, alimshona jemadari huyo kwa kitambaa na kumpeleka kwenye maonyesho Leeds.

Una hakika kuhusu buurn? Samahani kwa kuuliza tena. Haiwezekani likawa na maana mbili, maji na moto? Au maji yaliyochemka sana? Mtu akisema buurn, buurn, na kuendelea kusema, hakuna hata nafasi ndogo kwamba anasikia joto?

Nakutumia mengine. Dunandoras ni salamu yake, tunaifasiri kuwa "amani ya nyota iwe nawe", na mashabiki tukikutana ndiyo tunayoanza nayo, mkono ukiwa kifuani. Hamiskii husema kila mchezo unapokaribia kwisha, nasi tumeandika "kazi imekamilika kwa ushindi". Kuna nahinish ga mo vahar, ambayo bado tunabishania. Na lipo neno analolisema kuliko yote, oirik. Hilo halina ubishi, ni boila. Kila akilishika boila, akilipangusa, akiliegemea, anasema oirik. Oirik hivi, oirik vile. Watoto wengi wa mashabiki wetu wanaliita boila la nyumbani oirik.

Lilikuwepo na neno eekyamat, ambalo kwa miaka mingi tuliliheshimu kama jina la mungu wao, mpaka mwaka juzi nikagundua ni chafya ya baba kwenye kaseti yangu. Baba amefariki. Sikulifuta.

Wako kwa shukrani,
Avril


Nis
Jumatatu, 24 Oktoba 1983

Bi. Ormondroyd,

Maji ni maji. Halina maana mbili.

Dunandoras ni "funga mlango". Hamiskii ni "nimechoka". Hiyo mnayobishania ni "usimwambie mama".

Oirik silijui. Liacheni kuwa boila.

Nina maswali. Mtu huyo jina lake nani? Ana umri gani? Magazeti yenu yanasema alizaliwa wapi? Je, ana kovu juu ya jicho la kushoto, limekata nyusi vipande viwili?

Jibu maswali hayo na usiniandikie habari za maonyesho.

O. Morrison


Halifax
Jumamosi, 29 Oktoba 1983

Bi. Morrison mpendwa,

Anaitwa Norman Maurice. Magazeti yanasema alizaliwa Glasgow, na umri wake sasa ni miaka sitini na kitu. Kovu analo. Kwenye televisheni halionekani kwa sababu ya rangi ya kijani na kofia ya fundi, na katika picha zake nyingine zote amechana nywele zikalifunika. Wewe umelijuaje?

Mimi nimeliona kwa macho yangu, na hapo inabidi niseme kitu nilichokuficha.

Bwana Maurice yuko hai. Februari alipatwa na kiharusi, na tangu hapo yuko katika nyumba ya wazee mjini Filey, kando ya bahari. Upande mmoja wa mwili umepooza. Hana mke wala mtoto, na katika karatasi zake hakuna ndugu aliyeandikwa. Alipozinduka, Kiingereza chake chote kilikuwa kimetoweka, akawa anasema lugha ya Orrug na hakuna nyingine. Wauguzi walikumbuka ule mchezo, wakakiandikia chama chetu. Hebu fikiria tulivyofurahi. Tulidhani ameamua kuishi ndani ya Orrug mpaka mwisho.

Nilikwenda mwenyewe kuwapelekea kamusi. Niliifunga kwa plastiki isilowe, nikaiweka kwenye meza kando ya kitanda, na kila Jumapili nilikuwa nikienda kumsomea, mpaka barua yako ya kwanza iliponitia haya. Na akisema buurn, Bi. Morrison, wanafungua ukurasa, wanasoma "moto, joto kali", wanamwondolea blanketi na kufungua dirisha. Analisema tena, wanafungua na la pili. Nimewapigia simu kusema ni maji, aliyepokea akasema wao wanafuata kamusi. Chai na supu anapewa kwa saa zake, kwa hiyo kiu haijamuua, lakini baridi ya Filey naijua. Matroni aliniambia, "Kamusi yako imetuokoa, mpenzi, bila hiyo tungekuwa gizani." Nilitembea mpaka kituo cha basi nikiwa najisikia mtu wa maana.

Daktari anasema akili imemtoka na anajiona ni kiumbe wa Zohali. Alhamisi tarehe 8 Desemba atampima mara ya mwisho. Akiendelea hivi hivi atahamishwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kwenye wodi ambayo milango yake inafungwa na wageni wasio ndugu hawaingii. Akiingia mle na lugha hiyo, nani atakayejua anasema nini? Nilimwambia daktari kwamba huenda ni Kigaeli. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema mimi ni shabiki. Akatabasamu kwa upole, na siku yangu yote ikaharibika.

Nisaidie. Sijui nimwombe nani mwingine.

Avril


Nis
Jumatatu, 7 Novemba 1983

Bi. Ormondroyd,

Mzee mgonjwa anaomba maji, ananyang'anywa blanketi. Nimelala na jambo hilo, nimeamka nalo, na sijapata neno la kukuambia ambalo mtu wa kanisa anaruhusiwa kuliandika.

Sasa soma jina langu chini ya barua hizi. Umelikosea ulipoliandika na bila shaka hujui kulitamka. Ile g na ile h hazisikiki. Linatamkwa oirik.

Hakuna boila linaloitwa hivyo. Ni mimi. Mwezi uliopita nilikuambia silijui neno hilo, na nilisema uongo, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana mdogo.

Huyo si Norman Maurice wala hakuzaliwa Glasgow. Ni Tormod, mdogo wangu. Kovu alilipata hapa nyumbani, aliteleza juu ya mawe akimfukuza kondoo dume ambaye hakuwa hata wetu. Aliondoka baada ya vita. Alituandikia kwamba ni karani katika kampuni ya bima London. Alituandikia habari za meza yake, mabosi wake, mvua ya huko, na mama akawa anawasomea majirani. Yote alikuwa akiyatunga. Katika nyumba yetu kuigiza lilikuwa jambo la kumwaibisha mtu, kwa hiyo naelewa kwa nini alificha. Kuelewa si kukubali.

Mama alifariki Februari 1970. Nilimwandikia siku ileile. Hakuja, hakujibu, na hajaandika tena mpaka leo. Nilisimama kaburini peke yangu, watu wakiniuliza Tormod yuko wapi, nami sina la kusema. Nilimpenda ndugu yangu kuliko mtu yeyote, na tangu siku ile nimekuwa na hasira naye kila siku ya Mungu.

Unaomba nikusaidie, yaani nije. Aliyeshindwa kuja kumzika mama yake asitarajie nimkimbilie. Mpe maji. Mfunike. Ukiingia usimwambie afunge mlango, mtu aliyepooza anaufunga vipi? Sema "feskar ma", ni habari za jioni.

Oighrig Morrison


Halifax
Jumatatu, 14 Novemba 1983

Bi. Oighrig mpendwa,

Nimejizoeza jina lako mbele ya kioo. Natumai sasa nalitamka sawa.

Jana nilikwenda Filey. Alisema buurn nikiwa mlangoni. Muuguzi akainuka kwenda dirishani, nikamwambia, "Dada, kaa chini, anataka maji."

"Kamusi inasema joto."

"Kamusi nimeiandika mimi, na ni ya uongo."

Nikammiminia. Alikunywa bilauri yote bila kupumzika. Kisha akaniangalia, akasema buurn tena, polepole, akinyoosha midomo, kama anavyofundishwa mtoto mdogo kusema. Nikamimina ya pili. Akacheka, Bi. Oighrig. Miaka yote ya mchezo ule Orrug hakucheka hata mara moja. Nilimwambia habari za jioni uliyonifundisha, akanishika mkono, akaanza kusema mambo mengi kwa haraka, nami sikuelewa hata moja. Nilikaa pale natikisa kichwa mpaka akagundua, akanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote.

Kamusi nimeiondoa mezani. Kwenye chama mambo ni mengine. Niliwasomea barua zako za maneno, si hizi za nyumbani kwenu. Clifford akasema, "Hayo ni ya kwao, Avril. Kwetu skatan ni jemadari na atabaki jemadari." Wakapiga kura kama maana ya chama iendelee kuwa maana halali. Waliokataa ni mimi na mke wa Clifford, naye alidhani tunapigia kura biskuti. Siwalaumu sana. Mwezi wa Septemba ningepiga kura pamoja nao.

Daktari sasa anasema amesikia habari ya Kigaeli, na anataka ndugu mwenye cheti cha kuzaliwa, si muuza nyuzi. Siwezi kukuamulia.

Lakini umetaja Februari 1970. Kuna mchezo mmoja ulirekodiwa mwanzoni mwa Machi mwaka ule, wa kiatu cha jemadari kilichokwama kwenye mtambo. Katikati ya vituko vyote Orrug anaegemea boila na kusema maneno marefu kuliko siku nyingine yoyote, bila kugeuka. Mwisho boila linapiga mluzi, na watazamaji tunacheka tukisema amejibiwa. Sikuwahi kuyatia kwenye kamusi kwa sababu hayakurudiwa tena. Nimekaa na kaseti jioni nzima nikayaandika kama ninavyoyasikia, karatasi iko nyuma ya hii. Mimi sijui yanasema nini. Pengine ni habari ya samaki.

Wako,
Avril


Nis
Jumamosi, 19 Novemba 1983

Bi. Ormondroyd,

Maandishi yako ni ya kutisha, ilibidi niyasome kwa sauti jikoni ndipo niyasikie. Yanasema hivi:

"Oighrig, barua imefika. Mama amekwenda. Siwezi kuja. Uso wangu ni wa kijani na hautoki. Nimeusugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikachubuka. Siwezi kusimama kaburini na uso huu mbele ya watu wa Nis, watasema nimekuja kumcheka. Hata kukuandikia siwezi, nitaandika nini? Niambie nifanye nini."

Kila neno nalijua, na sielewi. Uso wa kijani ni nini? Ni namna ya kusema ya huko Uingereza? Alikuwa mgonjwa? Alikuwa mlevi? Wewe umesema Orrug ni wa kijani, lakini rangi ya mwigizaji huoshwa akimaliza kazi, hata mimi nisiye na televisheni najua hilo.

Jibu kwa posta ya kwanza.

Oighrig


Halifax
Jumatano, 23 Novemba 1983

Bi. Oighrig mpendwa,

Hili nalijua. Kila shabiki analijua.

Mwaka wa kwanza walimpaka rangi nzuri iliyotoka kwa sabuni. Mwaka wa pili walibana matumizi wakanunua nyingine, nadhani ilikuwa ya kuchorea mapazia ya jukwaani, na ilipoingia kwenye ngozi haikutoka. Tangu Januari hadi Mei 1970 Norman Maurice alikuwa wa kijani usiku na mchana, uso, shingo na masikio. Alitembea amejifunga skafu mpaka machoni. Watoto walimkimbia barabarani. Liko gazeti lililochapisha picha yake akinunua mkate, masikio ya kijani yametokeza juu ya skafu, na chini yake kichekesho. Picha hiyo tumeikuza, tunaitundika ukutani kila mkutano wa mwaka, na hadithi hiyo inasimuliwa kila mara, na kila mara tunavunjika mbavu. Mimi ndiye huisimulia, wanasema naijulia.

Hakuwa mlevi. Alikuwa wa kijani kweli, siku mliyomzika mama yenu na wiki nyingi baadaye.

Kwa nini hakuandika baada ya kutoka, hilo sina maelezo yake. Labda alidhani ameshachelewa. Mimi ni mtu baki, lakini nimesikiliza kaseti zote tena tangu Jumatatu nikijua sasa oirik ni nani. Kila Ijumaa, miaka miwili mizima, aliongea na wewe mbele ya nusu ya Yorkshire na hakuna aliyemsikia. Nimelia sana, nakwambia ukweli.

Tarehe 8 iko palepale.

Avril


Nis
Jumatatu, 28 Novemba 1983

Bi. Ormondroyd,

Nitafika stesheni ya York Jumanne tarehe 6 Desemba kwa treni ya mchana. Ningeondoka mapema zaidi, lakini nafasi niliyopata melini ni ya Jumatatu, tena Jumapili sisafiri. Vyeti viwili vya kuzaliwa ninavyo, changu na chake.

Nitavaa kofia ya kijivu. Wewe usije umejipaka rangi.

Oighrig


Nyumba ya wageni, Filey
Alhamisi, 8 Desemba 1983

Avril,

Juzi umenileta kwa gari mpaka mlangoni, ukaniwekea mkoba kwenye ngazi na kukimbia. Nilipogeuka kukushukuru nikaona taa za nyuma. Ulisema njiani kwamba unaona haya. Haya ni kitu kizuri lakini isizidi, uliona ilivyotufanya sisi. Njoo Jumamosi. Tormod anakuuliza.

Nilimkuta ameketi karibu na dirisha, amefunikwa vizuri. Amekonda na amezeeka, na kola yake ilikuwa imekunjika, kwa hiyo nikamwambia, "Tormod, hiyo kola." Ndilo lililonitoka kwanza, nimesafiri siku mbili nikiwa na mengine tayari. Aligeuza kichwa polepole sana. Hapo nafupisha. Muuguzi alituletea chai mara mbili na mara mbili ikapoa.

Amesema juzi jioni na jana kutwa nzima, mpaka sauti imekauka. Anajua kila kitu, Avril. Anajua mwezi na mwaka, anajua muuguzi gani anaiba biskuti. Akili yake haijapungua hata chembe, kilichopotea ni Kiingereza tu. Kukuhusu anasema hivi: "Kuna mwanamke anakuja Jumapili. Anaingia, anaufunga mlango, anaweka mkono kifuani na kuniambia nifunge mlango. Kisha ananisomea kitabu: heringi, nimechoka, udongo, usimwambie mama. Ni mwendawazimu, maskini, lakini moyo wake ni safi. Jumapili asipokuja siku haiishi." Nilimweleza habari za kamusi. Alicheka mpaka matroni akaja mbio.

Daktari alifika asubuhi. Ni kijana, na hakuwa mtu mbaya. Alikagua vyeti, akaniweka kiti katikati, akauliza nami nikafasiri. Ni siku gani leo? Alhamisi. Uko wapi? "Mahali wanapofungua madirisha Novemba," akasema, nami nikafasiri hivyohivyo, na matroni akaangalia sakafu. Hesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Akahesabu, na kwenye tisa akaniambia pembeni kwamba daktari kafunga vifungo vya koti vibaya. Hilo nalo nililifasiri. Daktari akajitazama, akavifungua na kuvifunga upya.

Kisha akaninyooshea kidole na kumuuliza, "Na huyu ni nani?"

Tormod akaanza kusema, akiniangalia mimi na si daktari, na akasema kwa muda mrefu. Daktari aliweka kalamu chini akasubiri. Alipomaliza, wote wakanitazama nifasiri.

"Anasema mimi ni dada yake," nikasema.

"Mbona amesema mengi?"

"Kigaeli ni lugha ndefu, daktari."

Akaandika. Ameandika kwamba mgonjwa ana akili timamu, na kwamba atakabidhiwa kwa ndugu yake. Hatapelekwa kule. Jumatatu namchukua nyumbani, na kama una nafasi kwenye gari lako mpaka York tutashukuru.

Najua sasa hivi umeshika kalamu na karatasi, unangoja nikuandikie alichosema. Kila neno uliloniletea tangu Oktoba nimekupa maana yake, hata yaliyoniuma. Haya sikupi. Nimeyasubiri miaka kumi na mitatu, na ni yangu peke yangu.

Oighrig